Halford Mackinder na Mlima Usio na Mlango Rahisi

Wahenga walisema kwamba milima haikutani lakini binadamu hukutana. Naam, walisema kweli, ila hawakutuambia yanayotokea pale mlima na binadamu wanapokutana ana kwa ana. Katika makala haya ninakuletea maisha ya mtu mmoja aliyekutana na Mlima Kenya zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kaa kitako basi, tusafiri pamoja.

Mtu huyo ni Halford John Mackinder. Kama wewe ni mpenzi wa Jiografia, bila shaka jina hilo si geni kwako. Anayepanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru hufika katika Kambi ya Mackinder. Anayepanda kwa njia ya Sirimon, upande wa kaskazini, hupita katika Bonde la Mackinder. Wengi wetu hulitaja jina hilo kama tunavyotaja jina la kituo cha matatu, yaani bila kujiuliza mwenyewe alikuwa nani, alitoka wapi na alitafuta nini huku kwetu.

MTOTO WA DAKTARI

Mackinder alizaliwa tarehe 15 Februari 1861 katika mji wa Gainsborough huko Uingereza. Baba yake alikuwa daktari. Mwaka wa 1880 kijana huyu alijiunga na Chuo Kikuu cha Oxford. Alianza na sayansi ya viumbe, kisha akageukia historia, halafu akasomea sheria pia. Wee! Wengine wangemwonya kwamba mshika mbili moja humponyoka, lakini yeye alizishika zote. Aliona kuwa anayesoma habari za mawe, mito na mimea bila ya kusoma habari za watu, anaiona nusu tu ya dunia. Na anayesoma habari za watu bila ya kuijua ardhi wanayoikalia, naye anaiona nusu ile nyingine. Somo la kuziunganisha nusu hizo mbili, kwa maoni yake, lilikuwa Jiografia.

Siku zile Jiografia ilikuwa somo la kukariri. Mwanafunzi alimezeshwa majina ya rasi, mito na miji mikuu mpaka ulimi ukauke, basi. Mackinder alilipinga jambo hilo. Alizunguka miji mingi ya Uingereza akiwafundisha watu wazima waliokuwa na kiu ya elimu lakini hawakuwa na nafasi ya kwenda chuo kikuu. Mnamo Januari 1887, akiwa na umri wa miaka 25, alisimama mbele ya wazee wa Shirika la Kifalme la Jiografia mjini London akawaeleza kuwa kazi ya Jiografia ni kuonyesha jinsi binadamu na mazingira yake wanavyoathiriana. Mwaka huohuo Oxford ilimpa kazi ya kufundisha somo hilo. Mwaka wa 1892 akawa mkuu wa kwanza wa chuo cha Reading, ambacho baadaye kilikua kikawa chuo kikuu.

Hapo ungedhani kwamba bwana huyu ametosheka. La hasha! Kulikuwa na jambo lililomkereketa. Waliosifika katika Jiografia enzi hizo walikuwa mabaharia na wasafiri, watu waliorudi kwao wameunguzwa na jua na kudhoofishwa na homa. Mackinder alikuwa mtu wa chaki na ubao. Alijua fika kwamba wengi hawangemhesabu kuwa mwanajiografia kamili mpaka aonyeshe kuwa naye anaweza kusafiri na kuvumbua. Basi akajifunga kibwebwe, akatafuta mlima.

MLIMA WENYEWE

Mlima aliouchagua haukuwa umepotea. Wakikuyu walioishi chini yake waliuita Kirinyaga, na wakati wa kumwomba Ngai waliuelekea. Wameru, Waembu, Wakamba na Wamaasai nao waliujua tangu jadi. Kwa hivyo tusidanganyike kwamba kuna mgeni aliyetuvumbulia mlima wetu. Mwaka wa 1849 mmishenari Johann Ludwig Krapf aliuona akiwa Ukambani, akaandika kuwa juu yake kuna theluji. Baadhi ya wataalamu wa Ulaya walimcheka. Theluji katika ikweta? Ati mzee huyu ameota! Kumbe ni wao waliokuwa usingizini. Mwaka wa 1887 Samuel Teleki kutoka Hungary alipanda kupita mita 4,000. Mwaka wa 1893 John Walter Gregory alifika kwenye barafu yenyewe. Hata hivyo wote wawili walirudi bila ya kufika kileleni.

Ili uelewe kwa nini mlima huu uliwashinda, ni lazima ulijue umbo lake. Mlima Kenya ni volkeno iliyozimika. Zamani za kale ulikuwa mrefu kuliko ulivyo leo. Mvua, upepo na barafu viliukwangua mpaka pakabaki ule mwamba mgumu ulioziba koo la volkeno. Mwamba huo ndio vilele pacha vya Batian, chenye urefu wa mita 5,199, na Nelion, chenye mita 5,188. Barafu hiyohiyo ilichimba mabonde yanayoshuka kila upande kama spoku za baiskeli. Kati ya bonde na bonde kuna tuta kali la mawe. Na pale barafu ilipochimba shimo, maji yakajaa yakawa kiziwa. Shika picha hiyo akilini, msomaji, maana itatufaa baadaye.

Mambo mawili yalimsukuma Mackinder aje mwaka wa 1899. La kwanza lilikuwa reli. Njia ya gari la moshi kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwezi wa Mei mwaka huo, na kwa sababu hiyo safari ya kwenda mlimani ilipungua sana. La pili lilikuwa wivu wa kazi. Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka wa 1889, alisemekana kuwa anaunyemelea Mlima Kenya pia. Mackinder hakutaka kupikiwa akapakuliwa na mwenziwe.

WATU 170 NA NJAA

Mwishoni mwa Julai 1899 msafara ulitoka Nairobi, ambayo wakati huo ilikuwa kambi ya reli tu. Walikuwamo Wazungu sita, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai wawili wa kuonyesha njia. Jumla yao ni watu 170. Pamoja na Mackinder alikuwapo Campbell Hausburg, mjomba wa mke wake, ambaye alikuwa mpiga picha. Saunders alikusanya mimea na Camburn alikusanya wanyama. Wawili wa mwisho, César Ollier na Joseph Brocherel, walikuwa mabingwa wa kupanda milima kutoka Italia, karibu na Mont Blanc.

Na hao wengine 164? Karibu wote walikuwa wapagazi. Walibeba mahema, chakula, kamera, vyombo vya kupimia, kamba na mashoka ya barafu. Lugha ya misafara ya bara siku hizo ilikuwa hii hii yetu, Kiswahili, na ndiyo iliyowaunganisha watu waliotoka pwani na wale waliotoka bara. Sisi wana chama tunaojivunia lugha hii hatuna budi kukumbuka kwamba haikusafiri bara kwa mabawa. Ilisafiri kwa miguu, ikiwa na mzigo kichwani.

Msafara huo ulitua penye msiba. Mvua ilikuwa imekosekana, nzige walikuwa wamekula mimea, sotoka ilikuwa imeangamiza ng'ombe na ndui ilikuwa ikiua watu. Ilikuwa ile njaa kuu ambayo wazee wa Kikuyu waliiita njaa ya Ulaya. Sasa fikiria mwenyewe: kijiji kimekaa siku kadhaa bila ya kuinjika chungu, halafu wanatokea watu 170 wanaotaka kuuziwa chakula! Wapagazi wengine walitoroka. Wengine waliiba vyakula vijijini, na wenyeji wakaudhika. Msafara ulipofika chini ya mlima tarehe 18 Agosti, hapakuwa na chakula cha kununua. Watu wawili wa msafara wakauawa na wenyeji. Maji yalikuwa yamezidi unga. Ikabidi Saunders atumwe mpaka Naivasha kumwomba msaada Kapteni Gorges, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyekuwa huko.

Mtu mwingine angefunga virago. Mackinder alipiga moyo konde akapanda msituni, akavuka mianzi, akaweka kambi kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,000.

JARIBIO LA KWANZA

Tarehe 30 Agosti Mackinder, Ollier na Brocherel waliukabili mwamba kutoka upande wa kusini-mashariki. Walipanda kutwa nzima, kidole kwa kidole. Walipokuwa wamebakiwa na kama mita 100 tu kufika juu ya Nelion, jua likawaaga. Pale juu giza la ikweta haliji polepole, huanguka kama pazia, na baridi nayo huingia hadi kwenye uboho. Wakarudi chini mikono mitupu.

Sasa jiulize, ungekuwa wewe ungefanya nini? Bila shaka ungefanya kama mtu aliyekuta mlango umefungwa. Ungeizunguka nyumba kutafuta mlango mwingine. Hivyo ndivyo walivyofanya. Tarehe 5 Septemba Hausburg, Ollier na Brocherel walitoka kwenda kuvizunguka vile vilele vikuu, wakivikagua kila upande ili waone kama kuna mahali rahisi pa kupandia.

MZUNGUKO WA VIZIWA NA MATUTA

Mzunguko huo bado unatembewa mpaka leo, na wapandaji huuogopa na kuupenda kwa pamoja. Hauhitaji kamba, lakini si mchezo, bwana. Kumbuka zile spoku za baiskeli. Anayezunguka mlima analazimika kukata kila bonde na kila tuta. Akishuka bondeni anajua atapanda tena. Akijumlisha mipando yote, inapita mita 2,000, na miteremko vivyo hivyo. Wenye mapafu ya chuma huumaliza kwa siku moja. Wengi hutumia siku mbili au tatu.

Anayeanzia Bonde la Teleki na kuelekea kaskazini hupanda kwanza mpaka kwenye viziwa viwili vinavyoitwa Two Tarn. Siku isiyo na upepo, vilele huonekana mara mbili, mara moja angani na mara moja majini. Kisha njia inaingia Bonde la Hausburg, ambako kuna Hausburg Tarn na Oblong Tarn, maji ya kijani kibichi yaliyozingirwa na kuta za mawe. Hapo msafiri akiinua macho huona mahali palipokaa mito miwili ya barafu, Cesar na Joseph. Halafu ndipo ngoma inapochacha. Kuna kilima cha kokoto zinazoporomoka, hatua moja mbele na nusu hatua nyuma, mpaka kwenye pengo la Hausburg lililo karibu mita 4,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kichwa kinagonga, na mtu hupumua kama aliyekimbia mbio za mita 400.

Ng'ambo ya pengo hilo msafiri hushuka Bonde la Mackinder hadi mahali panapoitwa leo Kambi ya Shipton. Hapo pimbi huja kumkagua kama askari wa lango, na lobelia husimama kama mishumaa mikubwa. Kisha anapanda tena mpaka pengo la Simba, anakiona kiziwa cha Simba, na upande wa mashariki anaona Bonde la Gorges likishuka kwa majabali ya kutisha. Anakipita kiziwa cha Square Tarn na pengo la Tooth, na mwishowe anafika kwenye kibanda cha Waaustria, karibu na mto wa barafu wa Lewis na kilele cha Lenana. Kutoka hapo huteremka kwenye kokoto na kurudi Bonde la Teleki alikoanzia.

Na Hausburg na wenzake je, waliupata ule mlango rahisi? Ng'o! Kila upande waliouangalia ulikuwa na ukuta. Palipokosekana mwamba wima palikuwa na barafu, na palipokosekana barafu palikuwa na mwamba wima. Habari waliyorudi nayo ilikuwa moja tu: mlango rahisi haupo.

Nimekaa na jambo hili nikaliona kuwa ndilo fundisho kubwa la safari nzima. Mtu anaweza kusema kuwa mzunguko ule ulikuwa kazi bure. Mimi sioni hivyo. Kabla ya kuzunguka walikuwa na tamaa kwamba labda upande wa pili ni mteremko. Tamaa ya namna hiyo humlegeza mtu mikono. Baada ya kuzunguka, tamaa iliwatoka na badala yake wakapata uhakika. Waliujua ukuta mgumu kuliko kuta zote, na waliujua pia ule mgumu kidogo, nao ulikuwa uleule walioukimbia tarehe 30 Agosti.

TAREHE 13 SEPTEMBA

Tarehe 11 Septemba Ollier na Brocherel walijaribu kupanda kwa mto wa barafu wa Darwin, lakini tufani ya theluji ikawarudisha. Saunders aliporejea kutoka Naivasha na watu wa msaada, Mackinder alipata nafasi ya kujaribu tena. Yeye na mabingwa wake wawili walivuka barafu ya Lewis wakaushika ule mwamba wa kusini-mashariki. Safari hii hawakushuka giza lilipoingia. Walilala hukohuko mwambani, wakitetemeka na kungoja mapambazuko.

Alfajiri ya tarehe 13 Septemba waliendelea. Mbele yao ulikuwapo mto mdogo wa barafu unaoning'inia kati ya vilele viwili. Barafu yake ilikuwa ngumu ajabu. Ollier ilimbidi achonge vipandio kwa shoka, kimoja baada ya kingine, na kuuvuka tu kukawachukua muda wa saa tatu nzima. Ndiyo maana Mackinder aliuita Diamond, yaani Almasi. Adhuhuri ilipofika, watu watatu walikuwa wamesimama juu ya Batian. Walikaa kwa dakika 40 hivi, wakapima, wakapiga picha, wakaanza kushuka. Kilele hicho hakikufikiwa tena mpaka mwaka wa 1929, walipopanda Eric Shipton na Wyn Harris. Hebu fikiria, miaka 30!

DENI LA MLIMA

Ningeweza kukomea hapa, tumpigie makofi shujaa wetu. Lakini anayesimulia maisha ya mtu hana ruhusa ya kuchagua kurasa nzuri peke yake.

Katika karatasi zilizobaki za msafara ule imo orodha ya wapagazi. Mbele ya majina manane ya Waswahili pameandikwa kwamba wenye majina hayo walipigwa risasi kwa amri. Mackinder alipowasimulia wanajiografia wa London habari za safari yake mwaka wa 1900, jambo hilo hakulitaja. Kitabu chake kuhusu safari hiyo hakikuchapishwa wakati wa uhai wake. Kilitoka mwaka wa 1991, na orodha ile ikaonekana. Amri ilitolewa na nani na kwa kosa gani, wanahistoria wamebishana. Lakini kuhusu idadi hakuna ubishi. Ni watu wanane, ukiacha wale wawili waliouawa walipokuwa wakitafuta chakula.

Sasa rudi kwenye ule mzunguko, msomaji, uyaangalie majina. Hausburg ana bonde, pengo na kiziwa. Kapteni Gorges, aliyeombwa msaada, ana bonde. Ollier na Brocherel wana mito yao ya barafu, maana Cesar na Joseph ndio wao. Hata Darwin, ambaye hakukanyaga hapo kamwe, naye anayo yake. Vilele vikuu Mackinder alivipa majina ya Kimaasai, na hilo si haba. Batian ni Mbatian, laibon mkuu wa Wamaasai, Nelion ni Nelieng ndugu yake, na Lenana ni mwanawe Mbatian. Wazungu wa enzi hizo walipenda kuita milima na maziwa kwa majina ya wafalme na malkia wao, kwa hivyo Mackinder anastahili sifa kwa kuwakumbuka viongozi wa nchi hii.

Lakini zunguka mlima wote, bonde kwa bonde na kiziwa kwa kiziwa, hutapata jina la mpagazi hata mmoja wa msafara huo. Watu waliozidi 160 walibeba kila kitu, wakalala na njaa, baadhi yao wakafa, na hakuna jiwe wala dimbwi lililoitwa kwa jina lao. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu mgema wetu hakusifiwa hata kidogo.

MAISHA YALIYOFUATA

Mlima ulimpa Mackinder alichokitaka. Hakuna aliyeweza tena kumwita mtu wa chaki. Mwaka huohuo wa 1899 Oxford ilianzisha Skuli ya Jiografia akawa kiongozi wake. Kuanzia mwaka wa 1903 hadi 1908 alikuwa mkurugenzi wa London School of Economics, chuo ambacho baadaye kilimsomesha Mzee Jomo Kenyatta. Mwaka wa 1904 alitoa nadharia iliyompa umaarufu duniani kote. Alidai kwamba kwa muda mrefu waliotawala bahari ndio waliokuwa na nguvu, lakini reli zingezipa nguvu mpya nchi za katikati ya Ulaya na Asia, mahali ambapo manowari haziwezi kufika. Wanasiasa na majenerali wamebishana juu ya nadharia hiyo mpaka leo.

Aliingia siasa pia. Alikuwa mbunge wa Glasgow kutoka mwaka wa 1910 hadi 1922, na mwaka wa 1919 serikali yake ilimtuma kusini mwa Urusi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka wa 1920 alipewa cheo cha Sir. Tusifiche kwamba aliamini kwa moyo wake wote kuwa dola ya Uingereza ilistahili kutawala watu wengine, sisi tukiwamo. Alifariki tarehe 6 Machi 1947, akiwa na umri wa miaka 86. Miaka 16 baadaye bendera ya Kenya huru ilipepea juu ya mlima uleule, imepandishwa na Mkenya, Kisoi Munyao.

TUNAJIFUNZA NINI?

Barafu ya Lewis aliyoivuka Mackinder imeyeyuka sehemu kubwa mno kwa sababu ya joto la dunia kuongezeka. Viziwa na matuta bado yapo. Anayekwenda huko na aende na kiongozi anayeijua njia, apande polepole ili mwili uzoee, na kichwa kikianza kuuma sana ashuke bila ya kuona haya. Mlima haumwonei mtu aibu.

Kwetu sisi wanafunzi, maisha ya Mackinder yana mafunzo mawili. La kwanza ni lile la mzunguko. Kila mmoja wetu ana somo analolizunguka, wengine Hisabati, wengine Fizikia, wengine insha ya Kiswahili. Tunatafuta mlango rahisi. Tunauliza swali litakalotoka, tunaazima madaftari ya wenzetu, tunangoja bahati. Si vibaya kuzunguka, kwani anayezunguka huujua mlima. Lakini mzunguko ukiisha na mlango rahisi usionekane, hakuna budi kurudi kwenye ukuta tulioukimbia, kuchukua shoka na kuchonga vipandio, kimoja baada ya kingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

La pili ni zito zaidi. Hakuna anayefika kileleni peke yake. Siku jina lako litakaposomwa na watu wakapiga makofi, kumbuka kwamba nyuma yako kuna mama aliyeuza maziwa ili karo ipatikane, kuna mpishi wa shule anayeamka saa tisa za usiku, kuna mwalimu aliyesahihisha madaftari kwa taa ya chemni. Hao ndio wapagazi wako. Mackinder alikuwa msomi hodari na jasiri, na sifa hizo hatumnyang'anyi. Alichokosa ni kuwataja waliombeba. Sisi tusikose. Tukifika juu, kabla ya kupiga picha, tuwataje kwa majina.